Mkwe Aliyezidisha Shikamoo

Katika boma letu pale Msalato tumeolewa wanawake wawili. Mimi, Cecilia, niliolewa na Ernest, mtoto wa kwanza. Paskazia aliolewa na Joel, kitinda mimba. Mama mkwe wetu ni mmoja, Mama Emilia, na sifa zote za ukwe mwema katika nyumba ile zilikuwa za Paskazia. Mimi nilibakiziwa kuchota maji.

Sisemi hivyo kwa wivu. Haya, nasema kwa wivu kidogo, lakini mnisikilize kwanza ndipo mnihukumu.

Siku Joel alipomleta Paskazia kutoka kwao Bahi, binti aliingia sebuleni, akapiga goti, akasema, "Shikamoo mama." Mama Emilia akaitika. Binti akatoka nje kama mtu aliyesahau kitu uani, kisha akarudi na kupiga goti tena. "Shikamoo mama." Mama akaitika tena, safari hii kwa sauti ya kanisani. Binti akatoka, akarudi mara ya tatu. Mama mkwe wangu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata msibani, alijifuta macho kwa ncha ya khanga, akamwambia Joel, "Huyu hakulelewa mjini. Posa iende wiki hii hii."

Mimi nilipoletwa nilisalimia mara moja tu, tena vizuri, na goti nikapiga. Mpaka leo naambiwa niliingia kwa kiburi.

Sisi Wagogo salamu hatuifanyii haraka. Ukikutana na mtu unamuuliza hali yake, unauliza watoto, unauliza ng'ombe, unauliza mvua imenyesha upande gani, ndipo unaanza kusema kilichokutoa nyumbani. Sasa katika nchi ya namna hiyo, mtu anayerudi kusalimia tena nani atamwona mgonjwa? Laiti Paskazia angekuwa anarudi kunawa mikono kutwa nzima, au kukagua kufuli la mlango, labda tungenong'ona. Yeye alikuwa anarudi kutoa shikamoo. Tukamsifu.

Mtaani kwetu njia panda anakaa Mzee Matonya, muuza mkaa, mtu wa kifua kibovu na maneno mengi. Paskazia akipita asubuhi kwenda kazini humsalimia. Mzee akiitika sawasawa, marahaba nzima, yenye mwanzo na mwisho, Paskazia huendelea na safari. Mzee akikatizwa na kikohozi, au bodaboda ikipita na kumeza sauti, basi Paskazia ataenda mpaka kwenye nguzo ya umeme, atasimama, atageuka, atarudi. Kama kikohozi kimerudi pia, naye atarudi tena. Kikohozi cha mkaa hakina ratiba, kwa hiyo kuna asubuhi watu walilima na kurudi kutoka shambani wakamkuta mkwe wetu bado yupo njia panda anaheshimu wazee.

Alikuwa mhudumu wa ofisi kule Mtumba, kwenye jengo moja la serikali, akipeleka chai kwa wakubwa. Huko nako alisifiwa. Inasemekana mkurugenzi mmoja alisalimiwa mara nne kabla birika halijafika mezani, akawaambia vijana wake wenye shahada waige mfano wa mama huyu. Chai ilikuwa imepoa kama maji ya mtungi, lakini nani atadai chai ya moto baada ya kuheshimiwa kiasi hicho?

Mama Emilia alikuwa akisalimiwa kwa namna ya peke yake. Asubuhi, mchana, jioni, na kila mara mkwe anarudi kuhakikisha. Wageni wakija, mama alikuwa akiacha mlango wazi makusudi ili waone. "Mwige mwenzio," alikuwa akiniambia, na mimi nikiwa na ndoo kichwani. Niliumia, sitaki kuficha. Niliona kabisa kwamba yule mwanamke anajipendekeza, tena kwa bidii isiyo ya kawaida, na nikaapa sitashindana na mtu wa hivyo.

Kisha ikaja siku ya degedege.

Mtoto wao, Aneth, alikuwa hajatimiza miaka miwili. Joto lilimpanda tangu alfajiri, na tulipokuwa njiani kwenda zahanati, Paskazia amembeba mgongoni na mimi nimebeba begi, mtoto akaanza kukakamaa. Macho yakageuka. Tulikuwa tumeshampita Mzee Matonya. Paskazia alikuwa amemsalimia, kwa sababu hata moto wa jehanamu ungewaka angemsalimia, na mzee alikuwa ameitika, lakini pikipiki ilipita katikati ya marahaba yake.

Paskazia alisimama. Nikamwambia, "Mama Aneth, twende, mtoto huyo!" Akanitazama. Sijawahi kuona uso kama ule kwa mtu mzima. Ulikuwa uso wa mtu anayevutwa na kamba asiyoiona. Halafu, na mtoto akitikisika mgongoni mwake, akageuka na kuanza kurudi njia panda.

Nilimtoa mtoto mgongoni kwa nguvu, khanga ikachanika, nikakimbia naye peke yangu mpaka zahanati. Aneth alipona. Namshukuru Mungu na namshukuru muuguzi aliyekuwepo. Paskazia alifika baadaye, akakaa chini sakafuni, akapiga kichwa ukutani taratibu.

Jioni ile mama mkwe alimsimulia kila aliyekuja kutoa pole. "Mtoto yu mahututi, lakini mama yake hakusahau wazee! Hebu niambieni, nani siku hizi?" Watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu wema huo. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali wa uwele, na mwiko ulinitoka mkononi kwa hasira.

Paskazia akanifuata jikoni. Akaniambia yote, bila kulia, kama mtu anayesoma tangazo. Alisema tangu utotoni akimsalimia mtu mzima na jibu likakatika, anamwona amekufa. Hafikirii tu, anamwona. Bibi yake mzaa mama alifariki siku moja baada ya yeye kupita bila kungoja marahaba, na tangu hapo kichwa chake kiliamua kwamba kazi ya kuwaweka wazee hai ni yake. "Najua ni upuuzi, dada," alisema. "Nimejua miaka yote. Leo nilijua kabisa kwamba mwanangu anakufa kweli na Mzee Matonya hafi, na bado nikageuka. Nitamlea vipi mtoto ambaye siwezi hata kumfikisha zahanati?"

Miaka yote nilikuwa namwonea gere kwa kitu ambacho yeye angelipa mtu akichukue.

Kwa hiyo tukaanza kutafuta tiba, mimi na yeye, wanaume wakituangalia. Joel aliposikia habari ya daktari wa akili alisema neno moja tu, "Mirembe?" na akaenda kukaa nje. Hapa kwetu jina la hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili linatosha kumnyamazisha mtu, ingawa hakuna aliyetaja kwenda huko. Paskazia alipewa vidonge kwanza. Akavimeza kwa muda mrefu bila kuruka, vikapunguza kidogo, akawa anarudi njia panda huku akipiga miayo. Ndipo akaelekezwa kwenye kliniki moja mpya mjini, ambako kijana mmoja wa Kihaya, Daktari Respicius, alikuwa na mashine.

Daktari alitueleza kwa maneno ya kawaida. Kichwani mna njia ambazo wazo hupita. Kwa watu wengi wazo la hofu linapita na kwenda zake. Kwa Paskazia linazunguka na kurudi, na kila akilitii linapata nguvu. Ile mashine inapiga mapigo ya sumaku juu ya fuvu, bila kisu wala sindano, ili kuituliza ile njia inayozunguka. Anakuja kila siku ya kazi kwa wiki kadhaa. Wapo wanaopata nafuu kubwa, wapo wanaopata kidogo, na wapo wasiopata kitu. Alipenda kusema hilo la mwisho waziwazi, na kwa sababu hiyo nilimwamini.

"Sumaku inavuta misumari," alisema Mzee Matonya habari zilipomfikia. "Huyo mtoto ana misumari kichwani?"

Nilimsindikiza siku ya kwanza. Akaambiwa avue hereni na pini za nywele. Akaketi kwenye kiti kinacholala nyuma, akavishwa kitu kama kofia ya bodaboda chenye waya mnene, na mashine ikaanza kugonga, ko-ko-ko-ko, kama fundi anayegongelea bati huku mvua inakuja. Paskazia alikunja uso. Baadaye alisema ngozi ya kichwa inauma kidogo na meno yanacheza, basi.

Lakini kulikuwa na jambo kabla ya kugonga. Daktari alisema ile njia lazima kwanza iamshwe, ipate moto, ndipo ipigwe. Mgonjwa anayeogopa uchafu wanamshikisha kitu kichafu. Sasa kwa Paskazia walirekodi kwenye simu sauti ya mzee mmoja akiitika, "Maraha—" halafu kimya. Kila siku, kabla ya mashine, wanamsikilizisha marahaba iliyokatika, na anakatazwa kufanya lolote. Nilimwona jasho likimtoka kwa sababu ya simu.

Wiki zikaenda na nikaanza kuona mabadiliko. Mtaani akawa anasalimia mara moja. Wakati mwingine alifika kwenye nguzo ya umeme, akasimama, akapumua, akaendelea. Mimi nilifurahi mpaka nikamchinjia kuku wangu mwenyewe.

Mtaa haukufurahi. Mzee Matonya alisema sasa anapitwa kama gunia. Wanawake wa jumuiya ya kanisani walisema mshahara wa serikali umempanda kichwani. Na mama mkwe wetu, ambaye alikuwa bado anapata salamu zaidi ya wengine wote, alikaa kwenye kigoda chake akiwa na sura ya msiba. "Jana kanisalimia mara mbili tu," aliniambia. "Mara mbili! Kama mpita njia."

Akamwita Joel. Akamwambia amtoe mkewe kwenye mashine ile kabla haijamaliza adabu yote. Joel, ambaye hajawahi kumkatalia mama yake hata kijiko cha mlenda, akasema ndiyo mama. Paskazia akakaa nyumbani siku hiyo. Siku iliyofuata nikamwona amesimama njia panda, anageuka. Nikajua tukichelewa atarudi kule kule, na siku nyingine ya degedege huenda mimi nisiwepo.

Nilimwendea mama mkwe. Kwa kuwa sifa ya kiburi ninayo tayari, nikaitumia. Nikamwambia, "Mama, kama unataka matibabu yakome, nenda ukamwambie daktari mwenyewe. Usimtume Joel."

Akasema ataenda. Akamchukua na Mzee Matonya awe shahidi.

Tukaingia kliniki watu watano: mama mkwe katika vitenge vyake vya Pasaka, Mzee Matonya na fimbo, Joel, Paskazia, na mimi. Daktari Respicius akainua macho kutoka kwenye kompyuta, akasema, "Karibuni, habari za leo?"

Mama mkwe akabaki amesimama. Mzee Matonya akaniinamia na kuniuliza, kwa sauti ambayo hata mlinzi getini aliisikia, "Na huyu naye wameshampitisha kwenye mashine?"

Daktari akashtuka, akasimama. "Shikamooni wazee wangu. Samahani."

"Marahaba," alisema mama, akakaa. Kisha akatoa ombi ambalo nadhani daktari yule atalisimulia mpaka astaafu. "Daktari, sisi hatukukatazi kutibu. Umesoma, una mashine yako. Ila tunakuomba usimalize. Kama huyu mtoto alikuwa na heshima iliyozidi, punguza ile iliyozidi. Mwachie kidogo."

"Kiasi gani, mama?" aliuliza daktari, na sikujua kama anatania.

"Ya kunitosha mimi," alisema mama. "Wengine wasalimiwe kawaida."

"Na mimi," alisema Mzee Matonya.

Daktari hakucheka, na kwa hilo nilimsamehe salamu yake. Akamgeukia Paskazia. "Ningependa wewe uwaambie. Mimi nikisema watadhani nimekusemea."

Paskazia alikuwa akitazama sakafu. Nilidhani hatasema. Mkwe kwetu hamwambii mama mkwe maneno ya kifo usoni. Ni afadhali ateme mate. Lakini alimtazama, moja kwa moja.

"Mama, nikikusalimia na sauti yako ikakatika, nakuona umelazwa. Nakuona na pamba puani. Nasikia watu wanaimba nje. Siwezi kula, siwezi kumshika mtoto, mpaka nirudi nikusalimie tena na uitike vizuri, ndipo unafumbua macho. Nilikuwa sikuheshimu, mama. Nilikuwa nakufukua. Kila siku nakuzika na kukufukua."

Joel akaweka mikono usoni.

"Na mimi je?" aliuliza Mzee Matonya, sauti imepungua.

"Wewe zaidi, babu. Wewe unakohoa."

Mama Emilia akakunja na kukunjua ncha ya kitenge. Nilimwonea huruma, jambo ambalo sikulitegemea. Fikiria: sifa uliyojivunia kwa wageni miaka yote, mlango umeuacha wazi waione, kumbe ni mazishi yako mwenyewe. "Yayagwe, mama yangu," alisema mwishowe, polepole. "Mimi nilijua ananipenda."

Paskazia alifungua mdomo, akaufunga.

Daktari akaendelea kwa upole. Akasema maendeleo ni mazuri lakini yamefika mahali pamekwama. Ile sauti ya kwenye simu Paskazia ameizoea. Haiamshi tena hofu kubwa. Hofu kubwa yenyewe ina mtu wake. Angemwomba mtu huyo awe anakuja kila siku, akae mbele ya Paskazia, asalimiwe, na asiitike.

"Asiitike nusu?" aliuliza mama.

"Asiitike kabisa. Halafu mashine ianze."

Nadhani kijana yule hakujua alichoomba. Kwetu kumnyima mtoto marahaba ni kumfukuza nyumbani. Mama mkwe wangu katika umri wake wote alimnyima mtu mmoja tu, mpwa wake aliyeuza shamba la ukoo kwa siri uwanja wa ndege ulipoanza kupimwa, na hata huyo alimnyima akiwa ameshika ukuta. Nikajiandaa kumsikia akimtukana daktari kwa Kigogo kizima.

Akasimama. "Tunakuja kesho saa ngapi?"

Ndivyo ilivyokuwa kwamba Mama Emilia, aliyekwenda kuomba aachiwe heshima yake, alipewa kazi ya kuikataa kila asubuhi. Siku ya kwanza alishindwa. Paskazia alipiga goti, "Shikamoo mama," na mama akatoa "Mara—" kabla hajajikamata, ikabidi daktari aanze upya. Siku ya pili aliingiza khanga mdomoni na kuiuma. Paskazia alisalimia. Mama akamtazama, akanyamaza. Niliona midomo ya Paskazia inataka kurudia, na daktari anasema taratibu, "Usirudie. Acha ije. Acha ikae." Mashine ikaanza kugonga. Na mbele yake mama mkwe wetu amekaa wima kama yuko kanisani, khanga mdomoni, machozi yanateremka mpaka kidevuni, hajibu.

Siku moja nje, tukingoja gari, aliniambia, "Cecilia, kuitika ni rahisi sana. Sikujua."

Jumuiya waliposikia kwamba anamnyima mkwe marahaba, tena kila siku, wakaja kumpongeza. Walisema hatimaye amejua dawa ya mwanamke mwenye kiburi. Aliwatimua.

Matibabu yaliisha kabla ya zabibu kuvunwa. Paskazia hajapona kama mtu anavyopona malaria. Mwenyewe anasema wazo linakuja bado, ila sasa linabisha hodi na yeye anaweza kutofungua. Juzi Aneth alipata homa tena. Nilikuwa nyuma yao. Mzee Matonya alikatizwa na kikohozi katikati ya marahaba, kikohozi kikubwa cha kumkunja, na Paskazia hakusimama. Alivuta khanga, akamweka mtoto sawa mgongoni, akapita nguzo ya umeme na kwenda. Nililia pale barabarani mbele ya watu na sikuona haya.

"Amenipita," alisema Mzee Matonya.

"Ndiyo babu," nikamwambia. "Na uko hai."

Nilirudi nyumbani kumpa mama habari. Nilimkuta peke yake jikoni, kwenye kigoda, anamenya karanga. Hakunisikia. Alikuwa anaongea. Anamenya karanga moja, anasema, "Marahaba, mwanangu," anaitia kwenye ungo, anachukua nyingine. "Marahaba, mwanangu."

Nilisimama mlangoni. "Mama, unamwitikia nani?"

Akashtuka, akacheka kidogo kwa aibu. "Ni zile alizonipa kule hospitali nikamnyima. Nazirudisha polepole." Akatazama ungo. "Nilipofika hapa sauti yangu ikakwama, nikaogopa haikutoka vizuri. Mtoto wa watu yuko njiani, na mjukuu wangu mgonjwa. Ngoja nirudie hii moja."